Vumbi la Kolwezi: wataalamu wanajuaje lilikotoka?

Kiangazi kikifika Kolwezi, vumbi linaingia kila mahali: kwenye meza, kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye sahani za watoto. Wakaaji wanauliza: ni vumbi la barabara tu, ama linatoka kwenye machimbo? Swali hilo lina jibu, na njia ya kulipata inafanana na ile inayotumika kwenye barafu za milima mirefu.

Theluji ikianguka mlimani inafunika vumbi lililoletwa na upepo, tabaka juu ya tabaka, kwa maelfu ya miaka. Mwaka 2000, timu ya Mmarekani Lonnie Thompson ilitoboa barafu ya Kilimanjaro na kutoa nguzo sita. Ndani yake walikuta tabaka la vumbi la milimita 30 hivi. Walikadiria kwamba ni la ukame mkali wa miaka 4,000 iliyopita.

Lakini vumbi linatajaje kwao? Kila mwamba una mchanganyiko wake wa madini. Metali kama strontiamu ina aina kadhaa zinazopishana kidogo kwa uzito, na kiasi cha kila aina hubadilika kutoka nchi moja hadi nyingine. Maabara inapima vumbi la kwenye barafu, kisha inalilinganisha na udongo wa majangwa mbalimbali. Udongo unaolingana nalo ndio unaoonyesha chanzo.

Vumbi la migodi nalo hufuatiliwa hivyo. Katika barafu ya Quelccaya, nchini Peru, watafiti walikuta risasi na metali nyingine zilizoongezeka tangu karne ya 16, wakati Wahispania walipoanza kuyeyusha fedha huko Potosí, mamia ya kilomita kutoka hapo.

Kolwezi haina barafu, na tena kuna ugumu mwingine: udongo wetu wenyewe una shaba na kobalti tangu zamani. Kukuta kobalti kwenye vumbi, peke yake, hakutoshi kusema imetoka kwenye shimo fulani. Ndiyo maana ni lazima kulinganisha.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walifanya hivyo katika mtaa wa Kasulo, ambako watu walichimba kobalti katikati ya nyumba zao kuanzia 2014. Walipima vumbi la majumbani na mkojo wa wakaaji 72, wakalinganisha na watu 25 wa mtaa wa karibu usio na uchimbaji. Matokeo yalitolewa 2018: vumbi la Kasulo lilikuwa na kobalti nyingi zaidi, hata uranyumu. Tofauti kwenye mkojo ilikuwa kubwa kuliko zote kwa watoto, na kwao zilionekana pia dalili za madhara ndani ya chembe za mwili.

Watoto wanacheza chini na kutia mikono mdomoni. Kwa hiyo kunawa mikono kabla ya kula, na kupangusa sakafu kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia pakavu, kunapunguza vumbi wanalomeza. Lakini hakuzuii vumbi jipya kutoka shimoni. Kwa hilo, vipimo kama vya Kasulo vinawapa wakaaji kitu cha kuweka mezani wanapodai machimbo yakae mbali na nyumba.