Kutupa na Kugawa: Istilahi za Namba za Nasibu

Katika APL, lugha ya kompyuta iliyotokana na kitabu alichokitoa Kenneth Iverson mwaka 1962, alama ya kuuliza hufanya kazi mbili ambazo mfasiri hana budi kuzitenganisha. Ikiandikwa ?6, mashine hutoa namba moja kuanzia 1 hadi 6, kama mtu atupaye dadu. Ikipewa safu nzima, hutupa kwa kila namba iliyomo, na majibu yaweza kujirudia. Ikiandikwa 3?10, hutoa namba tatu zisizorudiwa, kama mtu agawaye karata. Twapendekeza "kutupa" na "kugawa" (tendo la hesabu libaki "kugawanya"). Kuziita zote "kuchagua kwa nasibu" ni kupotosha: afisa ateuaye watu 3 kati ya 10 kwa kutupa aweza kumpata mtu yule yule mara mbili.

Neno "nasibu" nalo lataka hadhari. Katika mifumo ya APL iliyozoeleka zamani, mbegu huzidishwa kwa 16807, zao likagawanywa kwa 2147483647, na baki likawa mbegu mpya. Mbegu ya kwanza ikiwa 16807, ?100 hutoa 14, kisha 76, leo na kesho. Karata zimekwisha kupangwa! Basi "namba za nasibu" ziwe za dadu halisi; hizi ziitwe "namba za mfano wa nasibu". "Bandia" lingefaa, ila lina harufu ya ulaghai, na mashine haikumdanganya mtu.