Mtambo wa Gesi Haufuati Kisima

Januari 2014, jimbo la North Dakota, Marekani, lilichoma hewani asilimia 36 ya gesi iliyotoka kwenye visima vyake. Miezi michache baadaye uzalishaji wa mafuta wa jimbo hilo ukavuka mapipa milioni moja kwa siku. Wachimbaji hawakuwa wamefuata gesi. Ilitoka tu pamoja na mafuta ya tabaka la miamba liitwalo Bakken, na mafuta ndiyo yaliyokuwa na soko.

Mafuta husubiri: hujazwa kwenye tangi kando ya kisima, lori likija likayabeba. Gesi ni kama maziwa ya jioni kijijini pasipo jokofu. Asipokuwepo wa kuyapokea saa ile ile, yamekwisha. Mpokeaji wa gesi ni mtambo wa kuichakata, na swali linalowaumiza vichwa wahandisi ni mtambo huo uwekwe wapi.

Mtu akitazama ramani atasema uwekwe penye visima vingi. Lakini kisima cha Bakken hupoteza zaidi ya nusu ya nguvu yake katika mwaka wa kwanza, ilhali mtambo hujengwa udumu miongo. Visima vya leo, basi, ni ushahidi dhaifu. Mpangaji hutazama ni nani ana haki ya kuchimba wapi, na mitambo ya uchimbaji itahamia upande gani miaka mitano ijayo. Ni kamari, ingawa hakuna kampuni itakayoliandika neno hilo kwenye taarifa yake.

Halafu kuna mabomba. Gesi ikitoka kisimani huwa na mgandamizo mdogo, kwa hiyo huhitaji bomba pana na kompresa njiani. Gesi ya Bakken pia ni nzito, imebeba propani, butani na ethani kwa wingi. Majira ya baridi, halijoto ikishuka nyuzi 30 chini ya sifuri, sehemu ya mzigo huo hugeuka kimiminika ndani ya bomba na kutuama kwenye kila bonde. Ikishachakatwa, gesi huwa kavu, husukumwa kwa mgandamizo mkubwa, na kuisafirisha mbali si tatizo tena. Safari ngumu ni ile ya kabla ya mtambo, nayo ndiyo inayopaswa kufupishwa. Songo Songo, Tanzania, hali ni nyepesi zaidi: gesi yake ni methani karibu tupu, kazi kubwa ni kuikausha, na inafanyika pale pale kisiwani.

Kilichotawala ramani ya Bakken, kwa maoni yangu, ni maji. Mto Missouri, uliozibwa na bwawa la Garrison ukawa Ziwa Sakakawea, unaligawa eneo la mafuta pande mbili. Mtambo wa Tioga uko kaskazini. Ulijengwa 1954, miaka mitatu baada ya mafuta kugunduliwa karibu na mji huo, na 2014 ulipanuliwa hadi uwezo wa futi za ujazo milioni 250 kwa siku. Lakini uchimbaji mwingi ulikuwa umeshamiri kusini, wilaya ya McKenzie, na gesi ya huko ilipaswa kuvuka maji kwanza. Kampuni ya Hess, iliyokuwa ikimiliki Tioga, ikaungana na Targa kujenga mtambo mwingine kusini, wa futi za ujazo milioni 200, uliokamilika 2019.

Kupata kiwanja cha mtambo ni rahisi kuliko kupata mkuza wa bomba. Katika hifadhi ya Fort Berthold, ardhi ya mataifa ya wenyeji asilia ya Mandan, Hidatsa na Arikara, kipande kimoja cha urithi kinaweza kuwa na wamiliki makumi kwa makumi, na idhini ya serikali kuu inahitajika juu yake.

Mwaka 2014 jimbo liliweka malengo ya kukusanya gesi, na yaliporekebishwa baadaye yakawa ya kupanda hatua kwa hatua hadi asilimia 91 ifikapo Novemba 2020. Mwaka 2019 lengo lilikuwa 88. Gesi iliyokusanywa ilikuwa karibu asilimia 80. Mitambo ilikuwa ikiongezeka, ila kila mtambo una milango miwili ya kutokea: bomba la methani na bomba la vimiminika. Methani nyingi huingia Northern Border, bomba la tangu 1982 lililozoea kubeba gesi ya Kanada kuelekea Chicago. Mlango wa vimiminika ukijaa, au bei ya ethani ikiwa mbaya, mtambo huiacha ethani ndani ya gesi. Gesi hiyo ikichomwa hutoa joto jingi kuliko kawaida, na wenye bomba na wateja wa mbele huanza kulalamika. Ningekuwa napanga mimi, ningeuliza kwanza nafasi iliyobaki kwenye mabomba hayo mawili, kisha ndipo ningefungua ramani ya visima.