Gundi Haina Hatia

Msomaji wa Litein anauliza: amechonga ndovu kwa mabaki ya mbao yaliyogundishwa, akampaka vanishi, na ilipofika Januari bega la ndovu likaachia mwanya unaopitisha ukucha. Je, ameuziwa gundi feki?

La. Gundi nyeupe ya maseremala ikikaukia vizuri kati ya nyuso mbili zilizopigwa randa, mara nyingi ubao wenyewe hupasuka kabla ya kiungo kuachia. Mshukiwa ni maji.

Mambo ya patasi na tezo anayajua, tuyaache. Mabaki nayo si haba: Kericho na Bomet zimejaa mikaratusi, kuni za boila za viwanda vya majani chai, na migrevilea mipakani mwa mashamba. (Wachongaji wa Wamunyu, Machakos, waliozoea gogo zima la muhugu, wangemwonea wivu, muhugu umeadimika.)

Kinachonifurahisha kimo ndani ya ukuta wa seli. Ubao ni mirija myembamba iliyolala kufuata shina, na kuta zake zimesukwa kwa minyororo ya selulosi. Minyororo hiyo ina vikundi vya oksijeni na haidrojeni vinavyovuta maji. Wanakemia huviita haidroksili. Mimi naviita vishikio, na mhariri akilifuta neno hilo tutagombana.

Sasa panda matatu ya Kericho kwenda Bomet. Abiria waliobanana kitini ndio minyororo ya selulosi. Makanga anasema "songa kidogo", anapenyeza mwingine: huyo ni maji. Safu inapanuka, lakini hakuna abiria aliyerefuka. Makanga haridhiki, anapenyeza tena na tena hadi pasipenyeke mtu. Hapo maji yamefika takriban asilimia 30 ya uzito wa ubao mkavu. Wanaozidi wananing'inia mlangoni: hayo ni maji yaliyo katika uwazi wa mirija, yanayoongeza uzito bila kupanua chochote. Ndiyo maana ubao mbichi huweza kupoteza maji mengi bila kusinyaa sana. Wa mlangoni hushuka kwanza. Waliopenyezwa kitini wakianza kushuka, ndipo safu inapopungua.

Na hupungua kwa upendeleo. Ubao mbichi ukikauka kabisa, urefu wa nyuzi hupungua asilimia 0.1 hadi 0.3 tu. Kufuata mzunguko wa pete za umri, asilimia 6 hadi 10 ni kawaida. Kutoka moyo wa mti kwenda gome, karibu nusu ya hiyo. Kipande chenye upana wa sentimita 20 kikipungua asilimia 8, kimepoteza milimita 16.

Begani mwa ndovu, yaelekea, kipande chenye nyuzi zilizosimama kilibandikwa kwenye chenye nyuzi zilizolala. Kimoja kinataka kusinyaa, mwenzake hataki, na gundi imevifunga pamoja. Hewa ya Januari ikikauka, lazima kitu kiachie.

Basi kausha mbao hadi maji yabaki kiasi cha asilimia 12, laza nyuzi zote upande mmoja, wala usitegemee gundi kwenye ncha za mbao: mirija iliyo wazi huinyonya. Vanishi huchelewesha tu. Mkonga uchongwe kwa kipande ambacho nyuzi zake zinafuata urefu wake, la sivyo patasi itaukata. Na ndovu asinyeshewe. Gundi nyeupe ya kawaida hulainika.