Almasi ya Kunong'onezwa

Fedha ya korosho ikishaingia mikononi mwa wakulima wa Masasi na Newala, walaghai nao hawawi mbali. Mtu akija na kijiwe kitambaani, akanong'ona kuwa ni almasi, tumwulize kwanza kimetoka wapi. Almasi ya nchi yetu hasa ni ya Mwadui, Shinyanga, iliyogunduliwa mwaka 1940. Jirani zetu wa Tunduru wanajulikana kwa yakuti.

Atakwaruza kioo mbele yetu. Huo si ushahidi, kwani hata mawe meupe ya mtoni hukwaruza kioo. Wala tusitumie nyundo: almasi ni ngumu kupita mawe yote, lakini ikigongwa hupasuka. (Masikini aliyevunja mali yake ili aithibitishe!)

Hila kubwa ni nyingine. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inakataza kununua au kuuza madini pasipo leseni. Kwa hiyo aliyepunjwa huogopa kwenda polisi, na mlaghai analijua hilo. Ndiyo sababu hunong'ona. Tangu mwaka 2019 yamefunguliwa masoko ya madini yenye mizani na wathamini wa Serikali. Ndugu mkulima, mwambie muuzaji mfuatane huko, kisha umtazame usoni.