Wachuuzi wa Nyabugogo na Mipaka ya Takwimu: Jinsi Tunavyowahesabu Wafanyakazi Walio Katika Mazingira Magumu

Ikisiri

Makala haya yanafafanua hali ya wachuuzi wanaotembeza bidhaa katika eneo la Nyabugogo, jijini Kigali. Hoja yake kuu ni kwamba picha tunayoipata kuhusu watu hawa hutegemea sana mahali tunapowakutia: nyumbani, sokoni, au mikononi mwa dola. Mshauri wa sera asiyeutambua utegemezi huo huweza kuchukua kimya cha waliokosekana kuwa ridhaa ya waliopo.

1. Utangulizi

Nyabugogo ni jina la mto, la bonde na la kituo kikuu cha mabasi cha Kigali, katika Wilaya ya Nyarugenge. Barabara zitokazo kaskazini, kusini na magharibi mwa Rwanda hukutana hapa kabla ya kupanda kuelekea katikati ya jiji. Msafiri atokaye Goma kupitia Rubavu, au Bukavu kupitia Rusizi, kwa kawaida hushukia hapa; vivyo hivyo kijana atokaye kijijini kutafuta riziki. Kiswahili, ambacho Bunge la Rwanda lilikipitisha kuwa lugha rasmi mwaka 2017, kilikuwa kimekwisha kusikika katika kituo hiki miaka mingi kabla ya hapo.

Mkusanyiko huo wa wapita njia ndio unaozaa uchuuzi. Wanaouza kwa kutembea huitwa kwa Kinyarwanda abazunguzayi, na msomaji wa Kiswahili hatakosa kusikia humo mwangwi wa kitenzi kuzungusha. Wengi wao ni wanawake, na baadhi hufanya kazi wakiwa na watoto wachanga mgongoni. Bidhaa zao ni matunda, mboga, viatu, nguo na vitu vingine vidogo ambavyo mtu aweza kuvibeba na, ikibidi, kukimbia navyo.

2. Mchuuzi mbele ya sheria

Uchuuzi wa barabarani umepigwa marufuku jijini Kigali, na maelekezo ya jiji yamemwadhibu muuzaji pamoja na mnunuzi. Agizo la Waziri la mwaka 2018 kuhusu vituo vya muda vya kuwashikilia watu, lililofuata sheria ya mwaka 2017 iliyounda Idara ya Taifa ya Urekebishaji, liliuorodhesha uchuuzi wa aina hii miongoni mwa mienendo potovu, sambamba na uombaombaji, uzururaji na matumizi ya dawa za kulevya. Kituo kinachojulikana zaidi ni cha Gikondo, ambacho wakazi wa jiji wamekizoea kwa jina la Kwa Kabuga. Shirika la Human Rights Watch limechapisha ripoti kadhaa kuhusu kituo hicho tangu mwaka 2006, zikieleza kushikiliwa kwa wachuuzi, wakiwemo akina mama pamoja na watoto wao.

Mei 2016 mchuuzi mmoja mwanamke alifariki Nyabugogo baada ya kupigwa na walinzi. Kisa hicho kilijadiliwa sana nchini, na jiji liliongeza juhudi za kujenga masoko madogo kwa ajili ya wachuuzi, pamoja na msamaha wa kodi kwa muda. Hapa mtu yuleyule anaonekana kwa sura mbili. Katika mpango wa masoko yeye ni maskini anayestahili kusaidiwa. Katika orodha ya mienendo yeye ni mkosaji anayestahili kurekebishwa. Mtafiti anayeazima mojawapo ya sura hizo kuwa fasili yake ya kazi amekwisha kuamua nusu ya matokeo kabla ya kuuliza swali la kwanza.

3. Kwa nini kibanda pekee hakitoshi

Baadhi ya waliopewa nafasi katika masoko hayo walirudi barabarani. Jambo hili mara nyingi huelezwa kwa tabia: ukaidi, au mazoea. Yafaa kwanza kuutazama utaratibu wa kazi yenyewe.

Mchuuzi huanza siku na mtaji mdogo, mara nyingine wa mkopo. Hununua kiasi anachoweza kukimaliza kabla ya jioni, kwa kuwa faida ya leo ndiyo chakula cha leo na mtaji wa kesho. Mnunuzi wake ni msafiri mwenye dakika chache, asiyetaka kuliacha basi lake ili kutafuta soko. Kibanda kinahitaji bidhaa za kutosha kuvutia macho, subira ya kumngoja mteja, na, msamaha ukiisha, pango na kodi. Kwa hiyo kibanda kinampa mchuuzi usalama, lakini kinamtenga na mkondo wa watu unaomlisha.

Hali hii haiko Kigali peke yake. Jengo la Machinga Complex, lililojengwa Ilala, Dar es Salaam, kwa ajili ya wafanyabiashara wadogo, lilikaa kwa miaka likiwa na nafasi nyingi zisizotumika huku njia za jirani zikijaa wauzaji. Pia Agosti 2020, soko la Nyabugogo lilipofungwa kwa sababu ya UVIKO-19, ilidhihirika jinsi mwenye mtaji wa siku moja asivyo na akiba ya kungojea mlango ufunguliwe.

4. Nyavu tatu za mtafiti

Data kuhusu wachuuzi hukusanywa kwa nyavu tatu, na kila moja huacha samaki wake.

Ya kwanza ni dodoso la kaya. Humpata mchuuzi mwenye makazi ya kudumu, lakini humkosa kwa urahisi anayelala kwa zamu chumba kimoja na wenzake, au kaya iliyohamishwa karibuni. Katika jiji ambalo mwishoni mwa mwaka 2019 liliondoa makazi mengi katika ardhi oevu, pengo hili si dogo. Isitoshe, mtu akiulizwa kama ana kazi, aweza kujibu kuwa hana, kwa sababu kwake neno kazi ni ajira yenye mshahara.

Ya pili ni tathmini ya sokoni. Wanaohojiwa ni waliobaki vibandani. Wakisema wameridhika, tumejifunza jambo la kweli kuhusu wao, wala hatujajifunza chochote kuhusu walioondoka.

Ya tatu ni kumbukumbu za ukamataji. Hizi huhesabu matukio: mtu aliyekamatwa mara nne huonekana kama watu wanne, na aliyefaulu kutoroka haonekani kabisa. Idadi ikipungua, yawezekana uchuuzi umepungua. Yawezekana pia doria ndiyo iliyopungua.

5. Hitimisho na mapendekezo

Makala haya yanapendekeza mambo manne. Kwanza, tathmini ya kila soko iwafuate wote waliopewa nafasi siku ya ufunguzi, wakiwemo walioondoka. Pili, dodoso liulize mtu alipata wapi chakula cha jana kabla ya kuuliza kama ana kazi. Tatu, mtafiti asiandamane na mwenye mamlaka ya kumkamata anayehojiwa, wala asiandike jina lake wala kona anayouzia. Kwa mtu ambaye kazi yake ni kosa, daftari lililopotea laweza kuwa ushahidi dhidi yake. Nne, wapangaji wa jiji wapime umbali kati ya kibanda na mlango wa basi kwa uzito uleule wanaoupa usafi wa barabara.

Hakuna pendekezo hapa linalodai kwamba njia za Nyabugogo ziachwe zizibwe. Msafiri naye ana haki ya kupita. Linalodaiwa ni kwamba anayeshauri kuhusu riziki ya watu hawa ajue kwanza ni akina nani ambao takwimu zake hazikuwafikia.