Injili ya mtaani: Masomo ya imani yaliyo kwenye simu, kwenye mita na langoni mwa kiwanda

Kuna dhana moja imeshika vijana wengi mjini: kwamba Mungu huongea Jumapili pekee, tena kupitia spika kubwa na mhubiri aliyevaa suti. Jumatatu hadi Jumamosi ni wewe na nauli yako. Ukitoka kanisani unaiweka imani kabatini pamoja na viatu vya Jumapili, kisha unarudi kwa maisha yenyewe: kodi ya nyumba, stima, bando, na mkubwa wa kazi asiyetabasamu.

Lakini hebu fungua Injili uangalie Yesu alikuwa akifundisha kwa kutumia nini. Unga na chachu. Wavu wa samaki. Mama anayefagia nyumba nzima akitafuta sarafu moja iliyompotea. Jirani anayebisha usiku wa manane akiomba mkate. Watu wenye madeni. Vibarua wanaongoja kazi. Hata yeye mwenyewe, ukisoma Marko 6:3, watu wa Nazareti walimjua kama fundi, na neno la Kigiriki lililotumika hapo, tektoni, linaweza kuwa seremala au fundi wa kujenga. Kwa lugha yetu, msee wa mjengo.

Kwa hivyo sioni kwa nini tungoje Jumapili. Angekuwa anafundisha leo Pipeline au Githurai, nadhani mifano yake ingekuwa M-Pesa, tokeni na foleni ya mitungi ya maji. Na kumbuka, ile mifano yake haikuwa mapambo ya mahubiri. Kila mfano ulimwachia msikilizaji kazi ya kufanya kabla hajalala. Hebu tujaribu michache.

Pesa iliyoingia kimakosa

Simu inalia. Umepokea shilingi 3,500 kutoka kwa mtu usiyemjua. Moyo unaruka. Kodi ya nyumba imebaki kidogo, na kichwani kuna sauti inasema, "Mungu amejibu!"

Tulia kwanza. M-Pesa imekuwa nasi tangu Machi 2007, na tangu hapo watu wamekuwa wakikosea tarakimu moja na kumtumia mgeni pesa ya karo, ya dawa au ya mazishi. Mahali fulani kuna mtu ametokwa na jasho. Hakuoni. Hakujui. Polisi hawatakuja kwa sababu ya 3,500. Yaani, hapo ulipo, hakuna kamera wala usher.

Katika Luka 16:10 Yesu anafungamanisha uaminifu katika kitu kidogo na uaminifu katika kikubwa. Sisi hupenda kuota vile tutakuwa waaminifu tukipewa milioni: tutajenga kanisa, tutasomesha mayatima. Hiyo 3,500 ndiyo mtihani wenyewe, na umekuja ukiwa na njaa.

Lakini imani haikuambii uwe mjinga. Wakora wanajua kutuma ujumbe bandia na kukupigia wakilia "nirudishie tafadhali". Angalia salio lako kwanza. Kama pesa imeingia kweli, mwambie aliyetuma apeleke ule ujumbe wake wa M-Pesa kwa 456 ili ageuziwe muamala, na wewe usiiguse. Yesu alipowatuma wanafunzi wake, katika Mathayo 10, aliwataka wawe na moyo safi na macho wazi kwa wakati mmoja. Hivyo viwili havigombani.

Rafiki anayekwepa simu zako

Kila mtu ana huyo beshte. Mlikula sahani moja, akakopa 2,000 "hadi Ijumaa", na Ijumaa hiyo sasa ina miezi sita. Ukipiga, hashiki. Ukituma ujumbe, anausoma na kunyamaza. Halafu unamwona kwenye status akila nyama choma.

Mathayo 18 ina hadithi ya mtumishi aliyedaiwa na mfalme talanta 10,000. Akaomba avumiliwe, deni lote likafutwa. Akatoka nje, akakutana na mwenzake anayemdai dinari 100, akamkaba koo na kumtupa gerezani. Ukiisoma haraka huwezi kuhisi uzito wake, kwa hivyo tupige hesabu ya mtaani.

Dinari moja ilikuwa mshahara wa kibarua wa siku moja. Talanta moja hukadiriwa kuwa karibu dinari 6,000. Talanta 10,000, basi, ni dinari milioni 60. Tuseme mtu wa mkono kwenye mjengo analipwa 700 kwa siku. Deni la mwenzake lilikuwa kama 70,000. Deni lake yeye kwa mfalme lilikuwa shilingi bilioni 42. Akifanya kazi siku 300 kila mwaka bila kula chochote, angehitaji miaka 200,000 kulimaliza.

Sasa angalia jambo hili: zile 70,000 hazikuwa mchezo. Ni zaidi ya miezi mitatu ya jasho. Yesu hakusema ulichokosewa ni kitu kidogo. Aliyekuumiza, alikuumiza. Anachofanya ni kuweka deni hilo kando ya lile ulilosamehewa wewe, kisha anakuacha uangalie.

Tunaijua Fuliza, ambayo imekuwa nasi tangu Januari 2019. Inakufunika pesa zikipungua, lakini senti ya kwanza ikiingia kwa simu, inakata chake kabla hujagusa chako. Ni biashara, na biashara ni hivyo. Shida ni kwamba wengi wetu tunaamini Mungu naye yuko hivyo: anatufunika leo, kisha anangoja baraka iingie akate. Ndiyo maana mambo yakituendea vizuri tunaogopa. Mfalme wa Mathayo 18 hakuongeza muda wala riba. Alifuta daftari.

Je, ni lazima usahau zile 2,000? Hapana, unaweza kumwambia beshte wako wazi kwamba bado unamdai. Unaweza pia kuamua hutamkopesha tena. Lakini kumkaba koo kila usiku ndani ya kichwa chako, kumchafulia jina kwenye kila kikundi cha WhatsApp, hiyo ndiyo inabidi iishe. Mtu wa kwanza kupata usingizi utakuwa ni wewe.

Saa kumi na moja, lango limefungwa

Huu mfano ndio unanigusa zaidi. Mimi niliacha chuo karo ilipokwisha, na kuna miezi nilikuwa miongoni mwa wale wanaotoka Mukuru alfajiri kwenda kusimama nje ya malango ya Industrial Area. Kama hujawahi, iko hivi: mnakuwa wengi. Msimamizi anatoka, anaangalia mabega na viatu, anahesabu watu kumi. "Nyinyi ingieni." Lango linafungwa. Waliobaki wanasogea hadi lango linalofuata. Jua likishapanda, wengine wanarudi nyumbani polepole, ili majirani wasione wamerudi mapema.

Mathayo 20 inaanzia hapo hapo. Mwenye shamba la mizabibu anatoka alfajiri kutafuta vibarua. Anarudi tena saa tatu, saa sita, saa tisa, na mwishowe saa kumi na moja. Hapa Mswahili ana bahati. Saa za Biblia ndizo saa zetu: watu wa wakati ule walihesabu kuanzia jua linapochomoza, kama sisi. Anayesoma kwa Kiingereza inabidi abadilishe hesabu. Wewe ukisikia saa kumi na moja unaona moja kwa moja: jua linaelekea kuzama, mama mboga anapanga sukuma kwa wanaotoka kazini, imebaki saa moja giza liingie.

Na watu bado wamesimama pale.

Mwenye shamba anawauliza kwa nini wamekaa siku nzima bila kazi. Wanajibu kwamba hakuna aliyewaajiri. Sikiliza kinachofuata: hawaiti wavivu. Hawapi semina ya kubadilisha fikra. Hasemi wana laana ya ukoo. Anaamini jibu lao na kuwapa kazi. Ni mara ngapi kijana asiye na kazi ameingia kanisani akatoka ameambiwa kwamba hajaomba vya kutosha au hajapanda mbegu ya kutosha? Yesu aliacha maneno ya mtu asiye na kazi yabaki kwenye hadithi bila kuyapinga.

Jioni, kila mtu analipwa dinari moja, kuanzia waliokuja mwisho. Walioanza alfajiri wananung'unika. Na ukweli usemwe, hata mimi ningenung'unika! Lakini fikiria dinari ilikuwa nini: chakula cha familia kwa siku. Ukimlipa wa saa kumi na moja kwa saa yake moja, watoto wake watalala njaa, na hakuchagua kusimama pale. Mwenye shamba hakumpunja wa alfajiri hata senti. Alikataa tu kuacha mtu aende nyumbani mikono mitupu.

Angalizo: mfano huu si ruhusa ya mwajiri kulipa anavyojisikia. Waraka wa Yakobo, sura ya 5, una maneno makali sana kwa matajiri wanaozuia mishahara ya wavunaji wao. Ukikutana na tajiri anayetumia Biblia kukuchelewesha malipo, mwonyeshe hapo.

Somo ni la nani basi? Kama bado uko nje ya lango, una miaka 26 na wenzako wameshanunua magari, ujue kuchelewa kuitwa si kukataliwa. Na kama wewe uliingia na wale kumi, kabla hujanung'unika kuhusu aliyekuja jana akapewa sawa na wewe, mkumbuke uliyesimama naye asubuhi. Pakiti moja ya unga ukipita. Simu moja: "Buda, kesho wanataka watu wanne, kuja mapema." Watu wameombewa kazi miaka mingi, na jibu lilikuwa namba iliyohifadhiwa kwenye simu ya mtu.

Tokeni ya jirani

Stima imeisha saa mbili usiku. Jirani ana tokeni za kutosha na anakupenda kweli. Lakini zile nambari 20 alizotumiwa ni za mita yake. Ukiziingiza kwa yako, inakataa.

Kwa muda mrefu niliona wale wanawali watano wenye busara wa Mathayo 25 kuwa wachoyo, kwa kuwakatalia wenzao mafuta. Ukifikiria tokeni unawaelewa. Kuna vitu havihamishiki. Maombi ya mama yako ni ya thamani, lakini mita ni yako. Dakika kumi za ukimya kabla hujafungua TikTok asubuhi, hakuna mtu wa kukufanyia.

Somo si ramli

Neno la mwisho la tahadhari. Kuna tofauti kati ya kujifunza na kupiga ramli. Matatu ikikuacha, si lazima iwe Mungu amekuepusha na ajali. Beti ikiingia, si mbingu zimekutumia salamu. Na kama umeachwa salama ambapo wengine wameumia, chunga sana unachosema. Jengo lilipoporomoka Huruma Aprili 2016 na kuua makumi ya watu, waliokufa hawakuwa wabaya kuliko waliokuwa wakilala jengo la pili.

Yesu aliulizwa karibu swali hilo hilo. Katika Luka 13 anataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, na anakataa kabisa wazo kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine wa Yerusalemu. Badala yake anawageuzia wasikilizaji swali: wewe unaishi vipi?

Hicho ndicho kipimo ninachokupa. Ramli hukuambia utapata nini. Somo hukuambia ufanye nini, na mara nyingi litakugharimu: 3,500 zisizo zako, hasira uliyoilea, pakiti ya unga.

Wiki hii usitafute ishara. Kila jioni ukivua viatu, jiulize mambo matatu: Leo ni nini kilikuwa mkononi mwangu na si changu? Ni nani ninamkaba koo kichwani? Ni nani niliyemwacha nje ya lango? Ukipata jibu hata moja, usiliandike kwenye status. Chukua simu, umpigie mhusika.