Kuhodhi Baruti na Risasi Kabla na Baada ya Mkataba wa Brussels wa 1890: Mwambao wa Mtwara na Mlango wa Mto Ruvuma

1.0 Utangulizi

Makala haya yanaeleza jinsi vikwazo vya kisheria vya mwishoni mwa karne ya 19 vilivyoathiri uhodhi wa baruti na risasi katika mwambao wa Mikindani, Mtwara na mlango wa Mto Ruvuma. Mjadala kuhusu silaha za wakati huo hujikita aghalabu katika idadi ya bunduki. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kigezo hicho hakitoshi. Nguvu ya mwenye bunduki ilitegemea akiba aliyoweza kuiweka, na sheria iligusa hasa aina ya akiba hiyo.

2.0 Hali kabla ya Vikwazo

Katika miaka ya 1880 majeshi ya Ulaya yalibadili silaha. Ujerumani ilichukua Mauser 71/84, na mwaka 1886 Ufaransa ikaanza kutumia Lebel, bunduki yenye magazini ya risasi nane. Bunduki zilizopitwa na wakati ziliuzwa Afrika, nyingi zikipitia Unguja. Mwaka 1888 Konsuli wa Uingereza, Euan-Smith, alionya kwamba biashara hiyo ingewaachia watawala wa baadaye bara lenye watu waliojihami kwa silaha bora. Desemba mwaka huohuo, kufuatia vita vilivyoongozwa na Abushiri, Ujerumani na Uingereza zilizingira mwambao kwa manowari ili kuzuia usafirishaji wa watumwa na uingizaji wa silaha. Ureno ilijiunga kwa upande wa pwani yake, kusini mwa Ruvuma.

3.0 Masharti ya Mkataba

Mkataba wa Brussels ulitiwa saini tarehe 2 Julai 1890. Ulipiga marufuku uingizaji wa silaha na risasi kati ya latitudo 20 Kaskazini na 22 Kusini, eneo linalojumuisha Mtwara. Silaha zilizoruhusiwa zilipaswa kuwekwa katika maghala ya serikali. Hata hivyo, serikali ziliruhusiwa kutoa bunduki za gumegume na baruti ya kawaida kwa ajili ya kuuzwa, isipokuwa katika maeneo yaliyoathiriwa na biashara ya watumwa. Kwa hiyo Mkataba haukuzitendea silaha zote sawasawa.

4.0 Tofauti ya Akiba

Tofauti hiyo ilikuwa na uzito mkubwa. Mwenye gobori aliweza kuhifadhi baruti mahali pakavu, kupunguza kipimo chake, na kushindilia vipande vya chuma pale risasi zilipokosekana. Bunduki mpya ilihitaji risasi kamili yenye ganda, fataki na baruti, iliyotengenezwa kiwandani kwa kipenyo chake maalumu. Akiba ya namna hiyo ilipungua kwa kila mlio, na njia ya kuijaza upya ilikuwa mikononi mwa serikali. Kuhodhi mapema kulichelewesha upungufu, lakini hakukuuondoa.

5.0 Mifano ya Kusini

Machemba, kiongozi wa Wayao katika uwanda wa Makonde, aliwapinga Wajerumani kuanzia mwaka 1890. Upinzani wake ulikoma mwaka 1899 alipovuka Ruvuma na kuingia Msumbiji. Mto huo, uliokuwa mpaka kwa makubaliano ya Ujerumani na Ureno ya 1886, ulimpa hifadhi mtu aliyeshindwa upande mmoja. Katika Vita vya Majimaji, 1905–1907, wapiganaji wa kusini walitegemea zaidi mikuki, mishale na magobori, wakikabili bunduki za rasharasha. Mkataba si sababu pekee ya hali hiyo, kwa kuwa utawala wa Kijerumani nao ulidhibiti bandari. Hata hivyo, hali hiyo inalingana na mgawanyo ambao Mkataba uliuhalalisha.

6.0 Hitimisho

Sheria ya kudhibiti silaha hupimwa vyema kwa kuangalia kile inachoacha kiendelee kupatikana. Mtafiti anayesoma orodha za bunduki zilizokamatwa kusini anapaswa kuuliza pia zilitumia risasi gani, risasi hizo zilitoka wapi, na nani aliweza kuzijaza upya. Bila maswali hayo, bunduki mia moja zisizo na risasi zitahesabiwa kuwa jeshi.